Shairi la maombolezo la kuagiza: maoni yangu juu ya malenga wa Ngamiani, Tanga

Tangu arobaini ya mama ipite, watu kadhaa wameniuliza lile shairi lililosomwa baada ya hitma, kile kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, lilitungwa na nani, na lilitugharimu kiasi gani. Nimeona nijibu kwa kirefu, kwa sababu huduma hii naithamini na ningependa wengine waitumie wakati wanaoiweza bado wapo.

Mtunzi ni mzee wa Ngamiani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi kutangazwa, lakini ukifika Ngamiani ukaulizia malenga wa taazia, utaonyeshwa baraza yake. Anatunga mashairi ya maombolezo kwa kuagizwa, anayaghani siku ya shughuli akiombwa, na anakuachia nakala aliyoiandika kwa mkono wake. Hana kadi za maua wala fremu, na kazi yake haitumi kwa simu.

Kabla ya kumfikia yeye tulipita kwenye stesheneri moja mjini. Pale wana jalada la mashairi yaliyokwisha tungwa: unachagua moja, wanaweka jina la marehemu na tarehe, wanachapa kwenye karatasi ngumu yenye picha ya waridi na kuipiga plastiki. Shilingi 5,000, unaondoka nayo papo hapo. Dada yangu alisoma la kwanza akarudisha jalada mezani. Mama ni taa, mama ni nguzo, umetuachia pengo lisilozibika. Ndani yake hamna uongo, ila lingesomwa kwenye msiba wa jirani na hakuna ambaye angeshtuka. Mama yetu alikuwa msukaji wa mikeka. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni, alikuwa na ukali wake, na madeni ya wateja aliyaandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumbani. Hayo yote hayamo kwenye jalada la stesheneri, na wala hayawezi kuwamo.

Mzee hapokei kazi mpaka akae na wafiwa. Anataka waje watu wasiopungua wawili, tena wasiwe wa rika moja. Tulikwenda mimi, kaka yangu mkubwa na mama mdogo. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba wanangu, poleni na msiba." Tukaletewa kahawa, akafungua kaunta buku lake, akaanza kuuliza.

Nilitegemea atuulize mama alikuwa mtu wa namna gani, nami nilikuwa nimeshapanga majibu: mpole, mcha Mungu, mkarimu. Hakuuliza hayo. Aliuliza alikuwa akiamka saa ngapi, na akishaswali alfajiri anashika nini kwanza. Mtu akipiga hodi, anaitikaje? Ukindu, yale majani ya kusukia, alikuwa akinunua kwa nani? Nani alimfundisha kusuka? Alipata kugombana na nani wakaja kupatana? Amekufa anamdai nani, na nani anamdai?

Kwenye swali la nani alimfundisha kusuka, mimi na kaka tulijibu kwa pamoja kwamba ni bibi. Mama mdogo akasema sivyo. Mama akiwa msichana mdogo aliumia mguu akakaa ndani muda mrefu, na jirani mmoja kutoka Pemba ndiye aliyekuwa akija kumliwaza, akamfundisha kusuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ili asichoke na kitanda. Bibi mwenyewe hakujua kusuka. Kaka aligeuka akamtazama mama mdogo kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine kabisa. Tumezaliwa kwenye ile nyumba, tumelala juu ya ile mikeka, na jambo hilo tumelijua mama akiwa amekwisha zikwa, kwa sababu tu malenga aliuliza. Kama shairi lisingetungwa, bado ningesema kikao kile peke yake kilistahili malipo.

Juu ya hodi, sote watatu tulisema jambo lilelile. Mama alikuwa akiitika, "Pita, mlango haujafungwa," hata pale ulipokuwa umefungwa kwa komeo, halafu ndipo anainuka kuja kufungua. Mzee aliandika akapigia mstari.

Sasa niseme kwa nini nilitaka shairi, wala si hotuba ya familia peke yake. Sisi watu wa Tanga tuna deni katika jambo hili. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi fupi ambalo watoto wa shule wa vizazi kadhaa wamelisoma darasani. Humo anamwambia Amina mwenyewe kwamba ametangulia, anamfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua, anamwombea pepo, na anasema mapenzi waliyofunga hapana wa kuyafungua. Hakuna kilio cha kujipiga kifua mle, na bado shairi linauma. Nyuma zaidi, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, ulioanguka. Mle haombolezewi mtu mmoja, unaombolezewa mji pamoja na mabwana zake, na kumbi walizokaa wakubwa zimebaki na sauti ya ngende, wadudu wa usiku. Kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuonya. Mbolezi, yaani mashairi ya maombolezo, za kwetu zimeendelea kubeba tabia hiyo: unamlilia aliyekufa, na papo hapo unajikumbusha kwamba wewe pia umo njiani.

Na si mambo ya vitabuni tu. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, nyimbo za maombolezo zilijaa redioni, na wapo watu wazima hadi leo wanaoweza kukuimbia. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kina John Komba na kundi lao la muziki la TOT (Tanzania One Theatre) waliimba nchi nzima ikalia, na magazeti ya Kiswahili yakachapa mashairi ya watu wa kawaida kutoka kila pembe: walimu, wakulima, askari, wanafunzi. Wengi wao hawakuwahi kukutana na Mwalimu hata mara moja. Walikaa chini wakahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa ajili yake, kwa sababu huzuni ikiwa kubwa hivyo mtu anatafuta kitu cha kuishikia, na kwetu sisi kitu hicho ni vina na mizani.

Turudi kwa mzee wetu. Shairi lake ni la kimapokeo, tarbia, yaani mistari minne kila ubeti, ya mizani 16 kwa mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 anacho, jalada limeachia, na hana subira na mtu anayesema vina ni minyororo. Mpango wa shairi ni ule wa zamani. Kwanza anaanza kwa jina la Mungu. Kisha inakuja tanzia, yaani siku na saa ya kifo imo ndani ya ubeti, ili miaka hamsini ijayo mjukuu ajue bila kutafuta karatasi. Baada yake ni maisha ya marehemu, ambayo yamechukua sehemu kubwa kuliko zote, kisha maneno ya kuwafariji wafiwa, kisha dua. Ubeti wa mwisho ni wa kaditamati, yaani wa kufungia shairi. Mstari wa nne wa kila ubeti ni kipokeo kisichobadilika, na umuhimu wake nitaueleza baadaye kidogo.

Ubeti wa kwanza baada ya tanzia ndio huu. Nauweka kwa ruhusa yake:

Ukindu umekauka, msukaji hatunaye,
Ukili alousuka, hapana amalizaye,
Mlangoni tukifika, yu wapi aitikaye?
Ya Rabi uso shirika, rehema umshushiye.

Aliyewahi kukaa na msukaji ataelewa mstari wa kwanza una uzito gani. Ukindu unaanikwa juani, unachanwa, unachemshwa na rangi, lakini kabla ya kusuka lazima uloweshwe, maana mkavu unakatika mkononi. Kila usiku mama alikuwa akilowesha fungu la kesho. Tuliporudi kutoka makaburini, lile fungu lilikuwa uani kwenye beseni, maji yamekwisha. Mimi sikumweleza mzee hilo. Nadhani ni mama mdogo. Ukili aliouacha katikati bado umetundikwa kwenye msumari, na hakuna kati yetu aliyeugusa.

Rasimu ya kwanza ilisema "mama yetu hatunaye". Mizani ilikuwa sawa, nane kamili, na sisi tuliridhika. Aliyekataa ni mzee mwenyewe. Alisema kila msiba wa mama una mama, kisha akafuta, akakaa kimya anahesabu kwa vidole, akaandika "msukaji hatunaye". M-su-ka-ji-ha-tu-na-ye. Ile "m" ya mwanzo inabeba mizani yake yenyewe. Lakini katika ubeti wa madeni, ambako amesema mama hakusahau deni la mtu "hata la robo ya chumvi", ile "mvi" ni mizani moja tu. Alituonyesha tofauti hiyo kwa kugonga meza: panapogongwa mara moja pana mizani moja, haijalishi kuna herufi ngapi. Kaka yangu, ambaye shuleni alichukia mashairi, alikuwa akigonga naye.

Huo ubeti wa madeni nilikuwa na wasiwasi nao. Kumtaja marehemu kwamba alikuwa akidai mpaka robo ya chumvi, mbele za watu, na wengine wao walikuwa wadaiwa wenyewe? Lakini ubeti unaendelea kusema kwamba kwenye ugonjwa wake wa mwisho aliomba kitambaa kibichi, akaufuta ule mkaa wote nyuma ya mlango, akasema amesamehe. Hilo ni kweli, dada yangu ndiye aliyempa kitambaa. Bila ukali wa mwanzo wa ubeti, ule msamaha usingekuwa na uzito wowote. Mwenye jalada la stesheneri angeandika "alikuwa mwenye huruma", basi, na mtu angepitiwa na maneno hayo bila kuyasikia.

Jambo jingine nililolipenda: mzee anajua kukataa. Kaka alitaka ubeti mmoja uwaseme ndugu fulani ambao hawakufika hospitali mama alipokuwa amelazwa, wala hawakufika kuzika. Hasira yake naielewa. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Mwanangu, hilo ni la kikao cha ukoo. Mama yako akisomewa dua, hao nao wataitikia amina." Hakuliandika, na hakurudi tena kwenye hoja hiyo.

Siku ya arobaini yenyewe, wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani na uani juu ya mikeka, mingi yao ni kazi ya mama. Hitma ilipokwisha, kabla ya dua, mzee alikaa karibu na mlango ili asikike pande zote mbili. Hatumii kipaza sauti. Kabla hajaanza, mjomba wangu alisimama akauliza kwa heshima kama jambo hili halina ubaya katika dini, maana kuomboleza kwa kelele kumekatazwa. Ni swali la haki, na mzee alilichukulia hivyo. Alijibu kwamba kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujichania nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mungu. Akakumbusha kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Akakumbusha pia kwamba Hassan bin Thabit, swahaba aliyekuwa mshairi, alimtungia Mtume mashairi ya maombolezo baada ya kufariki. Mjomba akaketi, na wakati wa kipokeo sauti yake ilikuwa miongoni mwa za juu.

Hapo ndipo utakapoona kazi ya kipokeo. Mahadhi anayotumia ni ya polepole, yanapanda kwenye kina cha kati na kushuka mwishoni. Ubeti wa kwanza aliusoma peke yake. Kufikia wa tatu, wanawake wa ndani walikuwa wameushika ule mstari, "Ya Rabi uso shirika, rehema umshushiye," wakawa wanaupokea kabla yeye hajaumaliza. Watoto nao, bila kufundishwa. Watu ambao hawakuwa na la kusema kwetu zaidi ya "poleni" walipata neno la kusema, nalo ni dua. Mzee alipofika kwenye mlango na ile "yu wapi aitikaye", jirani yetu wa miaka mingi, mwanamke aliyekuwa akipiga hodi pale kila asubuhi kuazima kiberiti, alijifunika uso na kanga yake. Hakupiga kelele. Wenzake waliendelea kupokea kipokeo mpaka akajiunga tena.

Nimehudhuria shughuli nyingi ambapo msemaji wa familia anasoma wasifu: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wawili. Watu wanatazama simu. Siulaumu wasifu, una kazi yake. Ila haumpi msikilizaji nafasi ya kuitikia chochote.

Mapungufu yapo, nami nayasema ili anayekwenda ajue. La kwanza, mzee anapenda sana maneno ya kaskazini, ya kina Lamu. Ana "mato" badala ya macho, "ndia" badala ya njia, na beti mbili za dua zimejaa Kiarabu ambacho vijana wetu hawakukielewa. Nilimwomba apunguze, akabadilisha sehemu moja tu. Anasema lugha ya ushairi ina heshima yake. Mimi naona mjukuu anayesomewa dua ya bibi yake ana haki ya kuielewa bila kuuliza, na juu ya hili hatukukubaliana. La pili, habari za baba yetu, aliyetangulia miaka mingi, zimepitiwa kwa mstari mmoja tu, na mama mdogo alinung'unika. La tatu, baada ya kukukabidhi nakala haongezi wala hapunguzi, hata ukikumbuka jambo zuri kesho yake. Sisi tulikumbuka wimbo ambao mama aliwaimbia wajukuu wakati wa kuwalaza, na tukaukosa. La nne, nakala ni ya mkono, mwandiko wa kupendeza kweli, lakini ni moja. Tulipoipeleka mahali ikachapwe kwa ajili ya ndugu walioko Muscat na Mombasa, walituharibia mistari: waliivunja katikati ya mizani na kuziondoa koma, shairi likawa insha. Tukalazimika kulichapa upya wenyewe. Kwa hiyo mkichapa, simameni nyuma ya mchapaji, na hakikisheni kila mshororo unakaa kwenye mstari wake.

Kurekodi kunaruhusiwa, ila muombeni kabla. Sisi tulirekodi kwa simu iliyowekwa karibu na feni, na sauti ya feni inasikika mwanzo mpaka mwisho. Wekeni simu mbali na feni na mbali na jikoni.

Malipo: shilingi 60,000 kwa shairi, iwe beti nane au ishirini, kwa kuwa hapimi kazi kwa idadi ya beti. Letu lina beti 14. Kughani siku ya shughuli hakuna bei, unampa nauli na chochote ulichojaliwa, naye hafungui bahasha mbele yako. Ukilinganisha na karatasi ya 5,000, ni ghali, na kwa familia iliyotoka kulipia hospitali na maziko si fedha ndogo. Sisi tulitoa kwenye rambirambi, baada ya kukubaliana watoto wote. Kama uwezo haupo, mwambieni. Najua familia moja mtaani ambayo hakuitoza kitu.

Anatungia Wakristo pia. Alituonyesha kwenye kaunta buku beti alizomtungia mwalimu mwenzake wa zamani kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Mpango ni uleule, dua tu ndiyo inayobadilika, na kipokeo kimefanywa kiweze kuimbwa na kwaya.

Mkienda, chukueni mtu mzima wa familia anayemkumbuka marehemu akiwa kijana, maana nusu ya shairi letu imetoka kwa mama mdogo. Nendeni mapema vilevile. Kazi ya haraka haipokei, anataka walau wiki mbili, na mwezi wa Ramadhani hatungi kwa malipo kabisa.